Maswali Yenu: Miguu Inagoma Dakika ya 70, Kosa Liko Kwenye Sahani

Habari zenu wapenzi wa safu hii. Mwezi huu meseji zimemiminika mpaka nimekesha nazo siku mbili, na karibu kila moja inaanza na "nafanya mazoezi sana lakini". Nafanya mazoezi sana lakini nachoka, nafanya mazoezi sana lakini naumia, nafanya mazoezi sana lakini mwili hauongezeki. Halafu nikishuka chini nakuta mtu anakula kama anayekaa kwenye kiti siku nzima, tena wengine hata hapo hawafiki. Nimechagua sita, zilizokuwa ndefu nimezifupisha ila maana sijaigusa.

Dada, mimi ni winga, miaka 23, kilo 70. Kipindi cha kwanza mabeki wananikoma, ila ikifika dakika ya 65, 70 hivi miguu inakuwa mizito kama nimefungiwa mawe, kocha ananitoa. Mechi zetu zinaanza saa kumi jioni. Nakunywa chai na mkate saa mbili asubuhi, baada ya hapo sili kitu manake kocha anasema tumbo likijaa mtu anakuwa mzito. Niongeze mazoezi ya pumzi?

Mdogo wangu, pumzi unayo, ungekuwa huna hao mabeki wasingekukoma hata hicho kipindi cha kwanza. Kilichokuishia ni mafuta ya kuendeshea gari. Hebu hesabu na mimi: saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni ni masaa nane, ongeza na mechi yenyewe, unakaribia masaa kumi kwa vipande vyako viwili tu vya mkate ambavyo ni kama gramu 30 za wanga. Hapo hata ungekuwa na mapafu ya farasi utazimika tu.

Iko hivi. Wanga unaokula, wali, viazi, mkate, ndizi, tambi, mwili unautunza kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Nyingi iko kwenye misuli, gramu 300 mpaka 500 hivi kwa mtu mzima, na nyingine kidogo kama gramu 80 mpaka 100 iko kwenye ini. Ile ya kwenye msuli inatumiwa na msuli huohuo, mguu hauwezi kwenda kukopa mkononi. Ile ya kwenye ini ndo inayoshikilia sukari ya damu isishuke, na usiku ukiwa umelala inapungua sana kwasababu ubongo unaendelea kula, kwa hiyo asubuhi unaamka ini likiwa limepwaya. Mafuta ya mwilini unayo ya kutosha hata uwe mwembamba vipi, ila yanaungua taratibu, yanafaa kutembea na kukimbia polepole, lakini ule mkimbio wa mita thelathini kumpita beki unataka glaikojeni, hakuna njia nyingine.

Kuna jaribio moja nalipenda sana kulisimulia. Mwaka 1966 huko Sweden wanasayansi wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walikaa kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu mwingine upande ule, kila mtu anakanyaga pedali kwa mguu mmoja tu na mguu wa pili umepumzika. Wakakanyaga mpaka wakaishiwa kabisa. Halafu wakala wanga kwa wingi siku tatu na kila mara wakichukua kipande kidogo cha msuli wa paja, miguu yote miwili, kwa sindano nene, wakapima kilichomo. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umebaki karibu mtupu, lakini baada ya zile siku tatu ukajaa mpaka karibu mara mbili ya mguu uliopumzika. Damu ileile, tumbo lilelile, msosi uleule, ila msuli uliochoka ndo ulionyakua zaidi. Ndo maana nasisitiza kula vizuri baada ya mazoezi na mechi, msuli unakuwa na kiu ya kujaza. Na mwaka 1973 mwenzao Bengt Saltin alionyesha kwamba wachezaji mpira walioanza mechi na glaikojeni kidogo kwenye mapaja walikimbia umbali mdogo zaidi na walitembea sana kipindi cha pili, yaani kama alikuwa anakuandika wewe.

Sasa ufanye nini. Kocha wako hajakosea yote, ukila sahani kubwa saa moja kabla ya mechi kweli itakaa tumboni na utakimbia nayo. Kosa ni kuifanya "usile karibu na mechi" iwe "usile kabisa". Mlo mkubwa uwe saa saba mchana, masaa matatu kabla. Kwa kilo zako lenga gramu 140 mpaka 200 za wanga, na usiogope namba, ni vikombe viwili vya wali uliopikwa, ndizi mbili na glasi ya juisi ya matunda, umeshapita 150. Weka kipande cha samaki au yai, mafuta yawe machache, na siku hiyo maharage na mboga mbichi punguza manake gesi uwanjani ni mateso. Saa tisa, tisa na nusu, ukijisikia tumbo liko wazi, kula ndizi moja nyingine. Haftaimu kunywa kidogo kidogo maji yenye sukari, vijiko vikubwa viwili kwenye nusu lita na chumvi ya kubana kwa vidole, hiyo inatosha sana.

Na kama haftaimu tumbo linakataa kabisa kupokea, sukutua hayo maji ya sukari mdomoni sekunde kumi hivi uteme. Sikutanii. Mwaka 2004 Uingereza waendesha baiskeli walisukutua kinywaji cha wanga wakatema, hawakumeza, na kwenye mbio ya kama saa moja walikuwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 3. Mdomo unauambia ubongo chakula kinakuja, na ubongo unalegeza breki.

Ila hayo yote yajaribu kwanza siku ya mazoezi, jaribu mara tatu nne mpaka tumbo lako likubali, usiende kulishangaza siku ya mechi. Na kocha mwendee kwa heshima mkiwa wawili, muombe akuruhusu mechi mbili ujaribu saa saba, dakika ya 70 itamjibu yenyewe.

Dada shikamoo. Nina miaka 20, nakimbia mita 5000 na 10000, kilo zangu 52. Mwaka jana kocha alisema nikipungua kilo nne nitakuwa mwepesi, nikapungua, na kweli nilikimbia vizuri kama miezi miwili. Saizi muda wangu umerudi nyuma, mguu unauma mbele kwenye muundi nikikimbia na hata nikilala, nasikia baridi kila saa, na siku zangu sijaziona huu mwezi wa tano. Wenzangu wanasema kwa wakimbiaji ni kawaida, ndo dalili mazoezi yamekolea. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, si kweli, na nakuomba usikimbie tena kuanzia hapo unaposoma mpaka daktari auone huo mguu. Maumivu ya mfupa yaliyokaa sehemu moja, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, yanayouma mpaka usiku, yanaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa. Na ujue eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi ufa mchanga, kwa hiyo ikitoka safi na maumivu yapo bado usirudi uwanjani ukisema nimepona, muulize daktari kuhusu kipimo cha MRI.

Hii barua yako imenikaa moyoni kwasababu mi mwenyewe nimepita humo. Kwenye timu niliyokuwa nakimbia tulikuwa tunapimwa uzito kila Jumatatu asubuhi, wote tumesimama mstari, kocha anasoma namba kwa sauti. Jumapili usiku nilikuwa nakaa kitandani na chupa tupu natema mate humo ili kesho mizani isome pungufu. Gramu ngapi zile? Hamna kitu. Lakini nilikuwa na miaka 22 na niliogopa ile sauti kuliko mbio zenyewe. Siku zangu zilikatika, nikafurahi, nikaona usumbufu umeisha. Miezi saba baadae nikiwa kwenye mazoezi mepesi kabisa ya kupasha nikasikia kitu kama kijiti kimevunjika ndani ya mguu, na msimu ukaishia pale.

Mwili unafanya kama nyumba yenye mshahara mmoja. Hela ikipungua, kodi na chakula cha watoto haviguswi, kinachokatwa ni vile vya kusubiri. Moyo, ubongo, mapafu vinalipwa kwanza, mazoezi umeyalazimisha yalipwe, kwa hiyo kinachobaki hakitoshi, na mwili unaanza kukata: uzazi unafungwa, mifupa hairekebishwi, kinga inashuka, joto linapunguzwa ndo maana unasikia baridi. Homoni ya estrojeni ikishuka mfupa unapoteza mlinzi wake, na wewe uko kwenye umri ambao mfupa ndo unamalizia kujijenga, unachopoteza saizi kukirudisha chote baadae ni kazi ngumu. Wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hali hii waliipa jina mwaka 2014, kwa kifupi RED-S, yaani mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha, na walisema wazi kwamba haiwapati wanawake peke yao. Wanaume nao inawapata, kwao homoni ya testosteroni inashuka, hamu ya tendo inapotea, mifupa inadhoofika, ila wao hawana kalenda ya kuwashtua kila mwezi kama sisi.

Tufanye hesabu. Kwa kilo 52, tuseme 42 kati ya hizo ni mwili usio na mafuta. Chakula ulichoniorodheshea cha siku nakadiria ni kalori 1,700 hivi, na mazoezi yako yanachoma kama 700. Inabaki 1,000, igawe kwa 42 unapata kama 24. Kinachotakiwa ni kama 45 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta, na kushuka chini ya 30 kwa muda ndo tunaanza kuona homoni zinayumba, japo mstari huo unatofautiana mtu na mtu. Ili ufike 45 ukiwa na mazoezi yaleyale unahitaji karibu kalori 2,600 kwa siku, yaani umekuwa ukijipunja kama kalori 900 kila siku huku ukikimbia. Na zile wiki nane ulizokimbia vizuri usizikumbuke kama ushahidi, mwili mwepesi unakimbia vizuri kwa muda kwasababu deni halijaanza kudaiwa.

Nenda hospitali ueleze yote mawili, mguu na hedhi, usielezee mguu peke yake. Watataka kuhakikisha hakuna ujauzito, tezi ya shingo iko sawa, na waombe wakupime damu, hemoglobini na feritini, kwasababu mkimbiaji mwanamke akiishiwa madini ya chuma anachoka hivyohivyo. Vidonge vya chuma usimeze kwa kubahatisha kabla ya kipimo, chuma kikizidi nacho kinadhuru. Chai na kahawa zisogeze mbali na mlo, kama saa moja hivi, zinazuia chuma kuingia, na tunda lenye vitamini C kwenye mlo linasaidia chuma cha maharage na mboga kiingie zaidi. Na mtu akikupa vidonge vya uzazi wa mpango ili "siku zirudi", ile damu utakayoona inaletwa na vidonge, haina maana kwamba mwili umepona, tena itakuficha dalili.

Kwenye kula usiruke kutoka 1,700 mpaka 2,600 kesho asubuhi, tumbo litakushinda na roho itaogopa. Ongeza kama 300 kwa siku wiki hii, mfano glasi ya maziwa na mkate wenye siagi ya karanga, wiki ijayo ongeza nyingine. Mizani itapanda. Najua hilo ndo litakalokutisha kuliko vyote, ukitaka kulia niandikie, mi nitakujibu hata nje ya safu hii. Na kocha akikataa kukupumzisha, barua ya daktari mpe mkononi.

Kaka yenu hapa, nacheza raga na nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki, kilo 75. Jimu wananiambia bila poda ya protini na ile ya kuongeza moto kabla ya mazoezi napoteza muda. Kwenye ligi yetu tunaweza kupimwa dawa muda wowote. Nianze na ipi?

Anza na jiko kaka. Mchezaji kama wewe anahitaji gramu 1.2 mpaka 2 za protini kwa kila kilo, kwako ni 90 mpaka 150 kwa siku. Mayai matatu ni 18, glasi ya maziwa 8, kuku wa gramu 150 aliyepikwa kama 45, kikombe cha maharage 15, kipande kizuri cha samaki karibu 28. Jumla 114, na bado wali na mkate navyo vina protini kidogo hatujavihesabu. Umeshafika, tena hujafungua kopo lolote. Kitu muhimu ni kuigawa, gramu 20 mpaka 40 kila baada ya masaa matatu mpaka matano, badala ya kula nyama yote usiku kama wengi mnavyofanya. Na wanga usiukimbie, watu wa vyuma mnauogopa wanga kama sumu halafu mnashangaa seti ya nne chuma hakipandi.

Poda ya protini yenyewe si uchawi wala si sumu, nyingi ni maziwa yaliyotolewa maji na mafuta, inafaa kwa mtu anayetoka mazoezini kwenda kazini bila muda wa kupika. Kreatini, poda nyingine ya kuongeza nguvu ya misuli, nayo inafanya kazi kweli, ina ushahidi wa miaka mingi, gramu 3 mpaka 5 kwa siku zinatosha, na kilo moja au mbili zitakazoongezeka mwanzoni nyingi ni maji.

Linalonitia wasiwasi ni lingine. Maabara ya Cologne huko Ujerumani ilinunua sapulimenti 634 kutoka nchi 13 mwaka 2000 na 2001, zisizotakiwa kuwa na homoni yoyote, wakazipima, na 94 zikakutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Asilimia 14.8, yaani karibu moja katika kila saba. Na sheria ya Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni Duniani haisikilizi "sikujua", kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako hata kama kimeingia kwa bahati mbaya, unaweza kufungiwa miaka. Hizo za kuongeza moto kabla ya mazoezi ndo naziogopa zaidi, zinachanganywa vichangamsho vingi na wakati mwingine jina halisi halipo. Kama lazima utumie kitu, tumia kilichopimwa na maabara huru na namba ya toleo kwenye kopo lako uikute kwenye orodha yao, na kopo usilitupe, liweke pamoja na risiti.

Dada, najiandaa na marathoni yangu ya kwanza, nitatumia masaa kama matano. Wengine wananiambia ninywe maji kila kituo bila kusubiri kiu, mwalimu wangu wa zamani anasema enzi zao walikimbia bila tone na hawakufa. Nimfuate nani?

Usimfuate hata mmoja dada yangu. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako kwa jasho, hasa kwenye joto, moyo unaanza kupiga kazi ya ziada na spidi inashuka, kwa hiyo mwalimu wako na wenzake waliumia tu bila kujua. Lakini kunywa kupita kiasi nako kunaua, nasema neno hilo kwa kumaanisha. Maji mengi yanaizimua chumvi ya damu, ubongo unavimba, mtu anaanza kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, na watu pembeni wanadhani amekaukiwa wanamuongezea maji mengine. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 walipomaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, na dalili kubwa ilikuwa ni kumaliza mbio ukiwa na uzito zaidi ya ulioanza nao. Hatari zaidi iko kwa wanaokimbia taratibu masaa mengi, yaani kundi lako, kwasababu mnatoka jasho la wastani na mnapita vituo vyote mkinywa.

Jipime mwenyewe. Siku ya mbio ndefu ya mazoezi panda mizani kabla ukiwa umeshaenda haja na nguo chache, na baada ukiwa umejifuta jasho. Tuseme umeanza 62.0 umemaliza 60.6, na njiani umekunywa nusu lita. Umepoteza kilo 1.4, ongeza 0.5 uliyokunywa, jasho lako lilikuwa lita 1.9. Gawa kwa masaa uliyokimbia utajua jasho lako kwa saa. Lengo siku ya mbio ni kumaliza umepungua kidogo, kuongezeka kamwe isitokee. Kunywa kwa kufuata kiu huku hiyo namba unaijua kichwani. Ukimaliza, kwa kila kilo iliyopungua rudisha lita 1.25 mpaka 1.5 taratibu kwa masaa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi.

Na usisahau wanga njiani, masaa matano hayaendeshwi na maji matupu. Gramu 30 mpaka 60 kwa saa, ndizi moja ni kama 25, anza mapema dakika ya 30 au 40, ukisubiri uzimike umechelewa. Hili wanasayansi walishaliona zamani sana, kwenye marathoni ya Boston ya 1924 walipima sukari ya damu za wakimbiaji wakakuta wengine imeshuka vibaya na hao ndo waliofika wamelegea, mwaka uliofuata wakawalisha pipi njiani na wakafika na hali nzuri zaidi. Pipi tu.

Kahawa kabla ya mbio inaruhusiwa? Na bia mbili baada ya mechi zina shida gani?

Kahawa inaruhusiwa, kafeini ilitolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa mwaka 2004, na inasaidia kweli. Miligramu 3 kwa kilo, saa moja kabla. Mtu wa kilo 60 ni 180, kama vikombe viwili vya kahawa ya kawaida. Zaidi ya hapo unaongeza mapigo ya moyo, tumbo kusokota na usiku kukosa usingizi, na usingizi nao ni sehemu ya chakula cha misuli kwa maoni yangu. Bia: mwaka 2014 huko Australia walichunguza wanaume waliofanya mazoezi halafu wakanywa pombe nyingi, ujenzi wa protini kwenye misuli ulishuka kwa asilimia 24 hata pale walipokunywa na protini. Hao walikunywa zaidi sana ya bia mbili, sitakudanganya. Ila nakuomba kwanza ule, unywe maji, uoge, halafu ndo ufikirie bia, na kama siku hiyo umeumia usinywe kabisa.

Mwanangu ana miaka 13, anaogelea. Mazoezi yanaanza saa kumi na mbili asubuhi na hataki kula kitu, anasema anasikia kichefuchefu. Akirudi analala darasani. Nimnunulie vitamini?

Mama, vitamini hazina kalori, haziwezi kumuamsha mtoto aliyeogelea saa moja na nusu kwa tumbo tupu. Mtoto wa miaka 13 anakua, anasoma na anaogelea, anaweza kuhitaji chakula kingi kukuzidi wewe mtu mzima. Anzia usiku uliotangulia, chakula cha jioni kiwe na wali au viazi vya kutosha na alale mapema. Kinachombeba zaidi ni mlo wa mara baada ya mazoezi, mfungie kabisa kwenye mkoba mkate wenye yai, ndizi, na maziwa, ale kabla hajaingia darasani, asisubiri mapumziko ya saa nne. Na tafadhali uzito wake usiuzungumzie mbele yake wala mbele ya wenzake, hata kwa kumsifia.

Kuhusu hiyo asubuhi usimlazimishe sahani. Tumbo nalo linafundishika kama misuli. Wiki hii mpe nusu kikombe cha maziwa ya uvuguvugu akiwa anavaa, basi. Wiki ijayo nusu ndizi pamoja nayo, inayofuata ndizi nzima. Likikataa rudi hatua moja nyuma, na akifika mwezi bado analala darasani mpeleke akapimwe damu halafu uniandikie tena.